Mshuko Niliouziba

Tangu Jumatatu iliyopita nimestaafu. Najua mtacheka, maana nina miaka kumi na saba na sijamaliza hata humanite, masomo ya sekondari. Lakini kazi ya uzio wa barabara hapa Luberizi niliianza nikiwa na kumi na minne, na mtu aliyefanya kazi miaka mitatu kisha akarudisha panga na bote za mpira za komite, huyo amestaafu, hata kama jioni mama yake bado anamuuliza kama amenawa miguu.

Komite ilitaka niwaage nyinyi watatu mnaoanza kwa maneno machache mbele ya watu. Nilisimama, nikatazama viatu vyangu, nikakaa. Basi nawaandikia katika kaye hii, daftari langu. Peaneni, kila mmoja asome. Kwa kuandika minye siogopi mtu.

Katika uzio wetu wa miyenzi kuna fasi nne, mahali ambapo mimea imekatwa kwa makusudi. Tunaziita mishuko. Mtaambiwa zinatia aibu, mtaambiwa mzizibe. Minye niliziba mmoja. Mama Feza akapoteza mguu, na Papa Bahati akapoteza jina lake kwa kosa ambalo halikuwa lake. Hilo ndilo nataka mlijue. Mengine nitayasema kwa sababu hayatenganiki nalo.

Siku ya kwanza nilifika na sare ya shule, sketi ya bluu na shati jeupe, kwa kuwa nilidhani kazi yenye komite ni kazi ya ofisi. Mama Feza alinitazama kuanzia chini mpaka juu. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye ng'ombe watatu na sauti ya kufika mpaka kwenye kanali ya maji. Yeye ndiye aliyewazungukia watu nyumba kwa nyumba kuwaomba tupande uzio, kwa sababu malisho yetu yako upande wa milima, maji yako upande wa mto Ruzizi, na barabara ya Bukavu imepita katikati. Ng'ombe wakivuka ovyo, magari yaliwagonga.

"Weye ni mugeni wa ndoa ao ni mufanyakazi?" aliniuliza.

Nilijibu. Hakusikia.

"Sema na kinywa, usiseme na shingo."

"Mufanyakazi, mama."

"Njo vile. Sasa toa hiyo shati ya komunyo, vaa hii."

Akanipa shati la marehemu mume wake, pana kama hema, lenye madoa meusi. Nilidhani ni lami. Yalikuwa maziwa, yaani utomvu wa miyenzi, ambayo yakishakauka kwenye nguo hayatoki tena, hata mfue na sabuni gani. Shati hilo ninalo mpaka leo na mama yangu ameshajaribu kulitupa mara mbili.

Miyenzi, ambayo wengine huiita minyaa, mmeiona tangu mkiwa wadogo, lakini kuiona si kuipanda. Mnakata fimbo ya urefu wa mkono. Hampandi siku ileile. Mnailaza kivulini wiki moja mpaka maziwa yakauke pale mlipokata, la sivyo itaoza ardhini na mtadhani ni mchwa. Mnaizamisha viganja viwili, mnaiegemeza kidogo, na ya pili mnaiegemeza upande mwingine ili zipitane kama vidole vya mtu anayesali. Mnafunga na kamba za migomba. Msimwagilie sana. Ng'ombe haili, mbuzi haili, na moto wa majani ukipita hautaimaliza yote. Hiyo ndiyo faida yake. Hasara yake ni macho. Tone moja la maziwa likiingia jichoni utalia mpaka kesho yake. Lineti za komite, miwani ya kukinga macho, zilikuwa mbili, na moja ilikuwa na kioo kimoja, kwa hiyo mtu wa pili alilazimika kukata akiwa amefumba jicho la kushoto. Msikate mkiwa mmeelekea upepo. Mkipatwa, maji, maji mengi, na msijisugue.

"Unashika panga kama kalamu," Mama Feza aliniambia siku hiyo. "Iko unataka kuandikia miyenzi barua? Kata! Na ufunge kinywa. Maziwa ikikuingia mu jicho hautaona bwana yako siku ya ndoa." Akafikiri kidogo. "Lakini pengine itakuwa heri yako."

Mtu wa pili niliyemkuta kazini ni Papa Bahati. Mnajua barieri zetu, malango ya miti, ni mbili, zinatazamana, moja kila upande wa barabara. Asubuhi ng'ombe wanavuka kwenda kwenye maji, mchana wanarudi malishoni. Papa Bahati alizifungua na kuzifunga. Kabla ya kufungua, alienda kuweka matawi mabichi barabarani upande wa Bukavu, onyo kwa magari, akarudi na kusimama upande wa Uvira na kitambaa chake chekundu. Alikuwa mzee mwembamba, mchunga wa zamani, mwenye kuongea polepole kiasi kwamba shofere wengine wa magari walikuwa wameshamtukana na kumaliza kabla yeye hajamaliza kusalimia. Komite ilimpa kiti. Alikitumia kuwekea kikombe. Alisema mlinzi akikaa, usingizi unamuona.

Minye nilimpenda kwa sababu hakunilazimisha kuongea. Tuliweza kukaa saa nzima kwenye barieri, yeye amesimama, minye nasoma kaye ya historia, na mwishoni akasema, "Leo tumezungumza muzuri."

Mwaka wa kwanza uzio ulikuwa mmoja tu, upande wa malisho. Ulifanya kazi. Ng'ombe hawakushuka tena ovyo barabarani. Lakini wakati wa kuvuka, ng'ombe mmoja akipotoka alikuwa anaingia kwenye mpunga wa watu, na wenye mpunga walikuja kwenye komite na mashina yaliyokanyagwa mikononi kama ushahidi wa mauaji. Wakaomba uzio wa pili, upande wao. Haki yao. Tukaupanda. Mwaka wa pili barabara ikawa na kuta mbili za kijani, zimenyooka, nzuri sana kwa kutazama, na watu wa moto, wale wa pikipiki, walipita wakipiga honi kutusifu.

Hatukufikiri. Nasema hatukufikiri, na Mama Feza naye alikuwa anasema hivyo, hakujitoa. Ukishapanda kuta mbili, umetengeneza mfereji. Ng'ombe akiingia mfereji huo, barabara imekuwa nyumba yake. Hawezi kwenda kulia, hawezi kwenda kushoto. Anakimbia mbele ya gari mpaka achoke. Mwezi wa kwanza tu baada ya uzio wa pili kufungana, ndama alipotoka wakati wa kuvuka. Alikimbia hivyo mbele ya kamyo, lori la mizigo, akijigonga kwenye miyenzi huku na huku. Shofere alifunga breki kadiri alivyoweza. Tulimkuta shofere huyo amekaa kando ya tairi lake, anasema, "Juu ya nini haikutoka tu? Kwa nini haikutoka?" Jibu lilikuwa limepandwa pande zote mbili na mikono yetu.

Mama Feza alikaa siku tatu bila kupiga kelele, jambo ambalo liliwaogopesha watu. Siku ya nne aliniita twende kwenye kanali.

"Angalia ngombe," akasema.

Nikaangalia. Ng'ombe walikuwa wanashuka kwenye maji.

"Umeona nini?"

"Ngombe, mama."

"Hii masomo yenu!" Akanishika kichwa, akakigeuza. "Angalia pale bilima imekatika. Zinaruka kushuka. Sasa ngoja uone kama kuna moja itarudilia palepale."

Hakuna aliyerudi palepale. Wote walizunguka wakapanda pale penye mteremko wa taratibu. Ng'ombe anaruka kushuka kimo cha kifua chake bila shida. Kupanda kimo hicho hapandi, na wala hajaribu.

Hapo ndipo mishuko ilipoanzia. Unatoboa uzio upande wa malisho, upana wa ng'ombe mmoja na nusu. Upande wa barabara unajaza udongo, unaushindilia uwe mteremko mlaini unaopanda taratibu mpaka kwenye lile tundu. Upande wa malisho unaukata wima, unaupanga mawe usibomoke. Ng'ombe aliyenaswa barabarani anapanda, anaona malisho, anaruka, amekwenda. Ng'ombe aliye malishoni anaona ukuta tu. Ni mlango wa upande mmoja, hauna bawaba wala mtu wa kuulinda.

Wa kwanza tuliujenga mrefu mno na ng'ombe walisimama juu yake wakitazama mandhari kama watalii. Tuliupunguza. Juu yake tulipanda majani mazuri ili wapazoee. Nilibeba udongo kwa karai likizo nzima. Tulijenga minne, na Mama Feza akawapitisha ng'ombe wake kwenye kila mmoja, siku ya Jumapili magari yakiwa machache, mpaka wakaijua kama wanavyojua zizi. Mtamba wake mwekundu, Gaju, alikuwa mwanafunzi bora. Alikuwa wa kumpa Feza, binti yake anayekaa Uvira, mtaa wa Kilibula, siku binti huyo akipata mtoto. Kwa miezi mingi baada ya hapo barabara haikutuua mnyama hata mmoja.

Sasa nafika mahali pangu.

Mwaka huu, kabla ya egzame, mitihani ya mwisho wa mwaka, Feza alijifungua na Mama Feza akashuka Kilibula kumsaidia miezi miwili. Aliniachia uzio. Aliniambia neno moja tu: "Mishuko isiote kintu." Wiki ya pili Prezida wa komite alinikuta nikipalilia. Ni mtu mwema, msitumie kaye hii kumchukia. Alikuwa na wageni watakaokuja kutazama uzio ili watu wa vijiji vingine nao wapande. Wangesimamisha gari karibu na kona kubwa, pale penye mshuko wa nne.

"Mapendo," akasema, "hii fasi inaonekana kama kinywa yenye imetoka jino. Ziba. Wageni watasema uzio yetu iko na tundu."

Nilijua mshuko ni nini. Kati ya watu wote wa Luberizi, hakuna aliyejua kuliko minye, ila Mama Feza. Ningesema sentensi moja tu. Niliitengeneza kichwani, nikaipanga mpaka maneno yote yakakaa vizuri, na nilipokuwa tayari kuisema yeye alikuwa ameshapanda moto yake na kuondoka. Hivyo ndivyo nilivyo. Walimu wanafikiri ni adabu.

Nikapanda miyenzi tisa juu ya mshuko wa nne. Nilichagua minene, mirefu, iliyokwisha kukauka maziwa. Nilijiambia nitaing'oa wageni wakiondoka. Wageni walikuja, walipiga picha, waliondoka. Kisha ikawa egzame. Kisha mvua ilinyesha nje ya wakati wake, na siku niliyopita pale nikaona miche imeshika na inatoa vidole vipya. Nikaona ni mizuri. Nasema ukweli wote: niliona ni mizuri, nikaendelea na njia yangu.

Mama Feza alirudi siku ya Jumanne akiwa na furaha ya kuwa bibi. Jumatano mchana ng'ombe walikuwa wanarudi malishoni. Papa Bahati alikuwa ameweka matawi yake, amesimama na kitambaa chake, magari mawili ya upande wa Uvira yanasubiri. Minye nilikuwa kwenye barieri ya malisho, nahesabu ng'ombe wanaoingia. Ikatokea moto kutoka upande wa Bukavu. Imebeba manjanja, mabati ya kuezekea, zinapiga kelele na kumetameta, na haikujali matawi. Ng'ombe walisukumana. Wengi waliingia. Gaju aligeuka, akaelekea ule mfereji wa barabara, upande wa kona kubwa.

Papa Bahati alipiga kelele. Mama Feza hakukimbia.

"Acha," akamwambia Papa Bahati. "Unajisumbua nini? Hiyo ni Gaju. Itashukia ku mushuko ya ine."

Akaanza kumfuata taratibu, akipita matawi, akiimba wimbo anaomwimbia mjukuu.

Nilifungua kinywa. Sauti ilitoka, nilisikia mwenyewe ikitoka, "Mama," lakini ilikuwa sauti yangu ya kila siku. Nikakimbia. Nikaona Gaju akipanda mteremko wetu, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa. Akafika juu, akasimama mbele ya miyenzi yangu tisa. Aliinua kichwa. Akageuka akaona barabara tupu na Mama Feza mbali, akashuka mbio kumwelekea. Mama Feza naye akaanza mbio kumpokea, mikono imefunguliwa. Kamyo ikatoka kwenye kona.

Gaju alikufa palepale. Mama Feza alipelekwa Uvira hospitalini, na mguu wa kulia wakaukata juu ya goti.

Watu walipofika walikuta ng'ombe amekufa mbali na barieri, na barieri iko wazi, kwa sababu Papa Bahati aliiacha akikimbilia ajali. Uzio wenyewe ulionekana mzima, umefungana vizuri, na hakuna aliyepanda mteremko kuangalia kama mshuko bado uko wazi. Wakauliza ng'ombe alifikaje mbali hivyo bila mlinzi kumuona. Jibu walilipata wenyewe.

"Sikulala," Papa Bahati alisema.

"Mzee, hatukutukani. Jua ilikuwa kali."

"Sikulala. Ilipotoka niliona. Mama Feza mwenyewe alisema ataifuata."

"Mama Feza iko hospitali, hawezi kusema. Kama haukulala, ngombe ilirudi juu ya nini? Kule kuna mushuko, ingeshukia pale."

Hapo nilikuwa nimesimama hatua tano tu. Walinitazama. Nikatazama bote zangu.

Jumamosi ile komite ilimwambia kwa heshima apumzike. Heshima ya komite iliishia mlangoni. Watoto walipomuona akipita walifumba macho na kukoroma, kisha wakakimbia wakicheka. Shofere mmoja alimuachia mto wa kulalia kupitia dirisha la gari akisema, "Papa, zawadi." Baada ya wiki mbili alihamia Runingu, kwa ndugu za mke wake.

Nilikwenda Kilibula mara ya kwanza Feza akiwa amemleta mama yake nyumbani. Niliosha vyombo vyote, hata visafi, nikarudi bila kusema. Mara ya pili Mama Feza alikuwa uani juu ya mkeka, mjukuu amelala kando yake, shuka limefunika mahali pa mguu. Nilikamata sufuria.

"Acha hiyo sufuria," akasema. "Imekwisha kuoshwa mpaka imekonda. Kaa."

Nikakaa.

"Minye niliona Gaju inasimama kule juu. Niliona miyenzi. Ni weye ulipanda."

"Nani alikuambia, mama?"

"Nani ataniambia? Hiyo miyenzi ilikuwa imepitana muzuri. Nani mwengine kule Luberizi iko anapanda vile? Minye njo nilikufundisha."

Nikalia. Aliniacha nilie. Hakunishika begani wala nini.

"Prezida alisema niz—"

"Prezida hajui ngombe. Weye unajua." Alimfukuza nzi kwenye uso wa mtoto. "Ulipaswa kusema hapana. Neno moja. Hata hii katoto inajua kusema hapana, na haina meno."

"Unisamehe, mama."

Nyumba ya jirani kulikuwa na redio, ikamaliza habari ikaanza muziki.

"Bado," akasema. "Nitakuambia siku ikifika. Papa Bahati anasema nini?"

Hakuwa anajua. Hakuna aliyemwambia, walidhani habari itamuongezea maumivu. Nilimueleza juu ya komite, mto na kukoroma. Nilipofika kwenye habari ya kuhamia Runingu aligeuza uso ukutani.

"Mapendo," akasema bila kunitazama. "Mguu yangu imekwenda, haitarudi kama utasema ao hautasema. Lakini ule muzee iko muzima. Toka hapa."

Mkutano wa komite ulikuwa Jumamosi, kwenye darasa la shule ya msingi, wazee wamekaa kwenye madawati ya watoto na magoti yamefika mashavuni. Nilinyoosha mkono kama shuleni. Sikuandika chochote wala sikupanga sentensi, kwa sababu nilishajua zinavyochelewa. Nilisema, "Papa Bahati hakulala. Gaju ilifika ku mushuko ya ine, minye niliziba. Nilikuwa kwenye barieri, nilimuona Papa Bahati amesimama."

"Kumbe iko na sauti!" mtu wa nyuma akasema. Hakuna aliyecheka.

Prezida alivuta tai yake. "Minye nilisema mupendeze ile fasi. Sikusema kuziba."

"Ulisema ziba, papa," nikamwambia. "Ulisema inafanana na kinywa yenye imetoka jino. Na minye nilijua si vizuri, nikapanda."

Alitaka kujibu. Kisha akakaa, akaangalia mikono yake, na tangu siku hiyo hajaniomba lolote. Sijui kama ni hasira ama ni aibu ileile inayonipata minye.

Walikubaliana Papa Bahati arudishwe, na mtu ampigie simu. Nilisema asipigiwe simu, nitakwenda mwenyewe. Jumapili niling'oa miyenzi tisa. Ilikuwa imeshika sana. Mizizi yake ni mifupi lakini inang'ang'ania, na kila nilipovuta ilivunjika ikatoa maziwa, na nilikuwa nimesahau lineti. Jumatatu nikarudisha panga na bote. Hakuna aliyenifukuza. Nimeacha kwa sababu kila ng'ombe akipanda mteremko moyo wangu unasimama, na mtu wa namna hiyo hafai kushika panga karibu na wenzake. Nyinyi mtafaa. Mtu yeyote akiwaambia zibeni, awe Prezida, awe padri, awe mgeni mwenye gari, semeni hapana hapohapo, hata kama sentensi haijawa nzuri.

Jumanne nilikwenda Runingu. Nilimkuta Papa Bahati nyuma ya nyumba, akianika mihogo juu ya manjanja ya zamani, kipande kimoja kimoja. Alikuwa amekonda. Aliniambia karibu, akatafuta kitu nikalie. Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama.

"Rudilia," akasema.

Nikarudia.

"Ngombe ilifika ku mushuko."

"Ilifika, papa. Ikakuta nimeziba."

"Na minye nilikuwa wapi?"

"Ku barieri. Umesimama, kitambaa mu mukono."

"Macho ilikuwa wazi?"

"Ilikuwa wazi, papa. Ulipiga kelele. Nilikusikia."

Alikaa chini, pale pale kwenye udongo, na kipande cha muhogo mkononi.

"Nilianza kuamini kama nililala," akasema. "Kila siku narudilia ile saa, natafuta usingizi iliingilia fasi gani. Sasa nilishapata hata fasi yake. Ni pale moto ilipita. Naona kabisa macho yangu inafunga."

Nilimwambia komite inamuita arudi. Alitikisa kichwa.

"Barieri wachukue kijana." Akatazama mlango wa nyuma. Ndani kulikuwa na sauti ya kutwanga sombe, majani ya muhogo, na ya watu wanaozungumza. "Mama Bahati, muke yangu, naye ananiambia muzee kulala si zambi. Ananiambia kwa upendo, asubuhi na mangaribi." Alikiweka kile kipande cha muhogo juu ya manjanja, akakigeuza, akakigeuza tena. "Ingia. Muambie yeye. Minye sitaweza kusema muzuri."

Niliingia. Kwa mtu anayetoka juani ndani kulikuwa giza, na watu nisiowajua, sijui wangapi, waliacha kuzungumza wakageuka kunitazama. Mchi ulisimama.

"Jambo, mama," nilisema. "Minye ni Mapendo wa Luberizi. Papa hakulala."